Tusiwapige Wasichana kwa Jiwe la Arraweelo

Siku hizi msichana akigombea uongozi darasani hakosi mvulana wa kumwita "Arraweelo". Jina hilo tumelipata kwa wenzetu Wasomali wa Nakivale wanaosoma nasi hapa Mbarara, nasi tumelidaka bila kulipima.

Masimulizi yasema Arraweelo alikuwa malkia wa kale wa Wasomali, akawahasi wanaume wasimpinge. Mzee mmoja, Oday Biiqay, aliponyoka, na mwishowe mjukuu wa malkia mwenyewe akamwua. Huko kwao zipo chungu za mawe ziitwazo kaburi lake. Mwanamume apitaye hutupa jiwe. Mwanamke huweka tawi bichi. Kaburi moja, hukumu mbili!

Wanyarwanda nao, ambao wengi wao walikimbilia Uganda kuanzia mwaka 1959 na wengine wakapewa makao Nakivale, wanaye Kanjogera. Huyu aliishi kweli. Mwaka 1896, huko Rucunshu, yeye na kaka yake Kabare walimwangusha mfalme Rutarindwa, akatawala mwanawe Musinga. Damu ilimwagika, wala sikatai. Lakini husimuliwa pia kwamba akitaka kuinuka aliegemea upanga uliochomwa katika mwili wa mtoto mchanga. Mbona Kabare, aliyeshiriki vita ile ile, hakufanywa zimwi?

Hata Ulaya ni vivyo hivyo. Mfalme Valdemar wa Pili wa Denmark alimwoa Dagmar, aliyefariki mwaka 1212, kisha Berengaria wa Ureno, aliyefariki mwaka 1221. Nyimbo za kale zamsifu wa kwanza kwa upole na huruma. Wa pili zamlaani kuwa ndiye aliyetaka raia watozwe kodi nzito. Mfalme aliyetoza kodi hizo hasemwi sana.

Watu watasema, hizi ni hadithi za jioni tu, zaburudisha. Ni kweli, nami nazipenda, wala sitaki zisahauliwe. Lakini hadithi ikigeuzwa fimbo ya kumnyamazisha mwenzetu aliye hai, si burudani tena. Msichana akishindwa katika kura, na ashindwe kwa hoja.

Basi, wenzangu, na ninyi wanafunzi wa zamani mnaoishi karibu na Nakivale, waulizeni mabibi kama mnavyowauliza mababu, mtuandikie. Yafaa tujue kwa nini wengine huweka tawi.