Bomba ya Moshi Ikigonga Travesi

Wengi wenu munakwenda machimbo kwa pick-up, pamoja na mama na watoto. Leo tuzungumze habari ya chini ya motokari.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Banalia, kilomita 128 mpaka hapa Makiso. Mama ya watoto alisema kichwa kinamuuma. Watoto nyuma walikuwa wamelala wote, hata yule ambaye mashimo ya barabara hayamuachi kulala. Nilizani ni uchovu. Tulipofungua vioo na kusimama, wawili wakatapika. Bomba ya moshi ilikuwa imetoboka chini ya miguu yetu. Ndani ya moshi ule mna monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaua mtu akiwa amesinzia.

Kwa nini ilitoboka? Ilikuwa inagonga travesi, ni kusema kile chuma kinachokatiza kutoka upande mmoja wa shasi mpaka mwingine na kubeba bwate ya vitesi. Travesi imefungwa, haichezi. Lakini motere na bwate vinakaa juu ya kauchu. Ukikanyaga mafuta vinatikisika, na bomba inatikisika pamoja navyo. Kwa hiyo nafasi ya karatasi haitoshi. Itafutwe ya kidole kizima, hata viwili.

Kijana mmoja wa garaje alitaka kukata travesi. Nilikataa: chuma kilichokatwa kitabeba bwate namna gani? Mzee mwingine, fundi wa zamani, aliangalia kauchu kwanza. Ilikuwa imekufa, bwate imeshuka pamoja na bomba. Kauchu mpya ikarudisha nusu ya nafasi, bila kukata kitu.

Kisha akasimamisha kriki na ubao chini ya bwate, akafungua bulo, akatia rondeli nene za milimita 10 kati ya shasi na travesi, pande zote mbili sawasawa. Travesi ikashuka. Na hapa ndipo wengi wanakosea: alitia pia kipande cha chuma cha milimita 10 chini ya kauchu, ili bwate ibaki pale ilipokuwa. Bwate ikishuka, kardani inabadili pembe yake na motokari inaanza kutetemeka. Bulo nazo zikawa ndefu kuliko za kwanza, kwa maana fupi hazishiki vizuri.

Hasara iko. Sentimita moja chini ya motokari imepotea, na kwenye matope ya njia ya Buta utaijua. Kama sudere anaweza kupindisha bomba yenyewe, anzeni hapo. Kwetu haikuwezekana, sakafu iko karibu sana.

Sudere alipoziba tundu, mzee alibandika donge la udongo juu ya travesi, chini ya bomba, akatutuma mpaka daraja la Tshopo na kurudi. Tulipoinama kuangalia, udongo ulikuwa mzima, haukubanwa.