Ukipimwa mahitaji ya kazini, usiseme 'Nimezoea'

"HAKUNA shida, nimezoea." Hivyo ndivyo alivyojibu karani mmoja wa stoo, aliyepooza mguu kwa polio utotoni, mwajiri wake alipomletea mtaalamu wa kuchunguza ni msaada gani anaohitaji kazini. Aliulizwa kama ngazi zinamsumbua, akajibu hivyo. Akaulizwa kuhusu kusimama, akajibu vivyo hivyo. Ripoti ikaandikwa kwamba mfanyakazi huyo hahitaji chochote.

Miezi mitatu baadaye alikuja kwangu akilalamika kwamba mkojo unamchoma na bega linamuuma usiku kucha. Nilipomdadisi, nilisikia yale ambayo hayakuwa katika ripoti. Yeye alifanya kazi orofa ya pili, na choo kilikuwa chini. Ili asishuke ngazi kwa mikongojo, alikuwa hanywi maji tangu asubuhi hadi jioni. Mkojo unapokuwa haba na kukaa kibofuni kwa muda mrefu, viini hupata nafasi ya kuzaana. Bega nalo lilikuwa limechoka kubeba uzito ambao mguu hauwezi.

"Niliogopa, daktari," akaniambia. "Nikisema siwezi, si watamtafuta anayeweza?"

Msomaji, hofu hiyo siipuuzi. Kazi ni adimu na aliye nayo huishika kwa mikono miwili. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003, inawataka waajiri walio na wafanyakazi 20 au zaidi kuwatengea watu wenye ulemavu asilimia 5 ya nafasi za kazi. Lakini kupata kazi ni jambo moja, na kudumu kazini ukiwa na afya ni jingine. Hili la pili hutegemea sana yale utakayoyasema siku ya kupimwa.

Kwanza, usichanganye vipimo viwili. Kile cha hospitalini, ambacho hukuwezesha kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, huangalia mwili wako. Hiki cha kazini huangalia mwili huo ukiwa mbele ya ngazi, meza, mashine na saa za kazi. Si mtihani wa kupita au kuanguka. Wala kuwa na kadi hakumwambii mwajiri choo kiko umbali gani.

Kwa hivyo jitayarishe. Wiki moja kabla, chukua daftari na kila jioni uandike: ulifanya nini, uchovu au maumivu yalianza saa ngapi, nani alikusaidia. Muhimu zaidi, andika yale uliyoacha kufanya, kama vile kunywa maji, kwenda kula na wenzako au kuhudhuria mkutano. Mtaalamu huona unayoyafanya. Uliyoyaacha hawezi kuyaona usipomwambia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Pili, usieleze siku yako nzuri pekee. Anayetumia mguu bandia huenda akatembea vyema asubuhi, lakini kufikia alasiri jasho na msuguano vimechubua ngozi. Badala ya kusema "wakati mwingine huniuma", sema "huniuma siku 3 kwa wiki, kuanzia saa nane". Ikiwezekana, omba upimwe pale pale unapofanyia kazi, na katika saa zinazokutatiza.

Tatu, beba dawa zako. Baadhi ya dawa za kifafa huleta usingizi, na kukosa usingizi kwa sababu ya zamu ya usiku kwaweza kuchochea kifafa chenyewe. Hayo yapaswa kujulikana kabla ya zamu kupangwa. Si lazima kila msimamizi ajue jina la ugonjwa wako. Linalomhusu ni mahitaji yako. Kama wewe ni kiziwi, omba mapema mkalimani wa lugha ya ishara. Usikubali msimamizi wako akusemee.

Nne, taja unachokitaka. Kuhamishiwa meza orofa ya chini, kupewa kiti badala ya kusimama, kubadilishiwa zamu: mengi ya haya hayamgharimu mwajiri pesa nyingi, na mengine hayamgharimu hata senti. Usitie chumvi, kwani ukweli wenyewe unatosha. Kisha omba uisome ripoti kabla haijafika kwa mwajiri.

Nasi madaktari tuna lawama yetu. Karani yule alipoajiriwa, mimi ndiye niliyemwandikia barua. Niliandika maneno mawili tuliyoyazoea: "kazi nyepesi". Nyepesi kwa nani? Kazi ya stoo ilikuwa nyepesi kweli. Ngazi za kwendea chooni ndizo zilizokuwa nzito, nami sikumwuliza habari zake. Siku hizi naandika anaweza kusimama dakika ngapi, kupanda ngazi mara ngapi kwa siku, na kubeba kilo ngapi. Daktari wako akikuandikia "kazi nyepesi", mrudishie barua hiyo kwa heshima na umwombe aeleze.

Karani alirudi kwa mwajiri wake akiwa na daftari la siku saba na barua yangu mpya. Meza yake ilihamishiwa chini, hatua chache kutoka chooni. Hakufutwa kazi. Nilipomwona mara ya mwisho, alikuwa na chupa ya maji mkononi.

Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu anayengoja kupimwa hivi, mnunulie daftari leo. Kuzoea maumivu si sawa na kutokuwa nayo.