Minyororo Haikumponya Mtu wa Gerasa



Katika sura ya tano ya Injili ya Marko tunakutana na mtu wa nchi ya Wagerasi. Makao yake yalikuwa makaburini. Usiku na mchana alipiga kelele milimani na kujiumiza kwa mawe. Watu wa kwao walikuwa wamejaribu dawa moja tu, yaani pingu na minyororo. Walimfunga, akaikata, wakamfunga tena, akaikata tena. Mwinjili hatuambii kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi karibu naye.

Tunaanza na mtu huyu kwa sababu habari yake inatumiwa vibaya kati yetu. Kila inapogundulika kwamba kijana fulani anajiumiza mwilini kwa siri, hakosi mtu wa kufungua ukurasa huo na kutoa hukumu: ni pepo. Baada ya hukumu hufuata minyororo ya siku hizi. Kijana hunyimwa chakula kwa jina la mfungo, husimamishwa mbele ya watu na kuombewa kwa makelele, huchapwa viboko, huondolewa katika kwaya. Sisi walei wa chama hiki tunasema wazi kwamba mwenendo huo si kumfuata Yesu aliyekwenda Gerasa. Ni kuwafuata majirani wa mtu yule.

Tunasema hivyo tukiwa wakosefu sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, msichana mmoja wa kikundi chetu alionekana na alama mikononi. Tulimweka katikati, tukamwombea kwa sauti kubwa, kisha tukamtaka aahidi mbele ya wote kwamba hatarudia. Akaahidi. Juma lililofuata hakuja, wala lile lililofuata. Hakuna kati yetu aliyekuwa amemwuliza ni kitu gani kinachomuuma. Tulitaka ahadi yake, hatukutaka habari yake.

Nanyi mnajua nchi tunayoishi. Wazee wetu walikimbia porini mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba. Wazazi wetu walikimbia mwaka 1996, na tena mwaka 1998. Wengi wenu mmekimbia kwa sababu ya watu wenye silaha wanaozunguka machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Wamo kati yetu mabinti waliotendewa maovu wasiyoweza kuyataja, na wavulana walioona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Uchungu usiopata maneno hutafuta mlango mwingine. Tusishangae basi kama wengine huugeuza juu ya miili yao wenyewe.

Wapo wanaotujibu kwamba kutafuta tiba kwa ajili ya jambo hili ni mambo ya Wazungu wasiosali. Kwao tunaomba wasikilize jinsi mojawapo ya tiba zinazojulikana zaidi duniani kwa watu wanaojiumiza ilivyozaliwa.

Mwaka 1943, mjini Tulsa nchini Marekani, alizaliwa katika familia ya Kikatoliki mtoto wa kike aitwaye Marsha Linehan. Mwezi wa Machi 1961, akiwa na umri wa miaka 17, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Hartford iitwayo Institute of Living. Alikuwa akijiumiza vibaya na kutamani kufa. Waganga wa wakati ule walimpa dawa kali na tiba ya mshtuko wa umeme, na kwa muda mrefu walimweka peke yake katika chumba cha kufungiwa. Hatusemi kwamba walikuwa watu wabaya. Walifanya walichokijua. Alikaa humo miezi 26, na alipotoka mwaka 1963 karatasi zake zilimhesabu kati ya wagonjwa waliosumbuka kuliko wote hospitalini. Akiwa bado katika shimo hilo alimwekea Mungu nadhiri: akitoka, atarudi kuwatoa wengine.

Alihamia Chicago. Mchana alifanya kazi, usiku alisoma katika Chuo Kikuu cha Loyola, kilicho cha Wayesuiti, na mara nyingi alikwenda kusali. Mwaka 1967, jioni moja, alikuwa amepiga magoti katika kikanisa cha nyumba ya mafungo ya masista wa Cenacle. Kwa ushuhuda wake mwenyewe, alipoutazama msalaba aliona mahali pale pamejaa mng'ao wa dhahabu, akahisi kitu kikimjia. Alikimbilia chumbani kwake, akajisikia akitamka kwamba anajipenda.

Wengi wetu tungefunga kitabu hapo na kusema amina. Yeye hakukifunga. Alitambua kwamba neema aliyoipokea ilimwinua yeye, lakini bado hakuwa na njia ya kumshika mkono mtu mwingine na kumwonyesha jinsi ya kutoka. Kwa hiyo alisoma. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika saikolojia, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Huko aliwatafuta kwa makusudi wagonjwa ambao wengine waliwaogopa: wale waliojiumiza na waliojaribu kujiua mara nyingi.

Kwanza aliwafundisha kubadilika. Wakakasirika, kwa sababu waliona wanalaumiwa upya. Kisha akajaribu kuwakubali tu jinsi walivyo. Wakakata tamaa, kwa sababu walisikia kwamba hakuna wa kuwatoa walipo. Ndipo alipoelewa kwamba maneno mawili lazima yasemwe pamoja: uchungu wako ni wa kweli nami ninaupokea, na maisha yako yanaweza kubadilika nami nitakusaidia. Kushika pamoja mambo mawili yanayoonekana kupingana ndiko kunakoitwa dialektiki, na tiba yake ikapata jina kutoka hapo: tiba ya tabia ya kidialektiki. Mgonjwa hukutana na mshauri wake peke yake, na pia hukaa na wenzake kila juma katika kikundi cha mafunzo. Humo hujifunza kuwa makini na saa iliyopo, kuvumilia dhiki bila kujidhuru, kutawala hisia, na kusema haja yake kwa watu bila ugomvi na bila kujidharau. Mwaka 1991 ulitangazwa utafiti uliowafuatilia kwa mwaka mmoja wanawake waliopata tiba hiyo. Walijiumiza mara chache kuliko waliopata tiba ya kawaida, walilazwa siku chache zaidi, na wengi zaidi walidumu katika tiba. Kitabu cha kuwafundishia waganga kilitoka mwaka 1993.

Mwezi wa Juni 2011, Linehan alirudi Hartford, katika hospitali ile ile, na kwa mara ya kwanza akasimulia hadharani kwamba yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa humo. Kumbukeni mwisho wa habari ya Gerasa. Aliyeponywa alitaka kupanda mashua pamoja na Yesu, lakini Bwana alimrudisha nyumbani, kwa watu wake, awaeleze rehema aliyotendewa.

Sasa tuwajibu wanaopinga.

Wanasema ni pepo. Tunawauliza wamepata wapi mamlaka hayo. Sheria ya Kanisa, kanuni 1172, hairuhusu mtu yeyote kumpunga mwenye pepo bila idhini maalumu ya askofu, na idhini hiyo hupewa padri tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inafundisha kwamba magonjwa, hasa ya akili, ni jambo jingine, na kuyatibu ni kazi ya waganga; tena inadai pahakikishwe kwanza kwamba si ugonjwa. Basi kiongozi wa kikundi anayemwita mwenzake mwenye pepo baada ya kumtazama kwa dakika tano anakosa utii kwa Kanisa lenyewe.

Wanasema mwenye imani hawezi kujiumiza. Linehan alikuwa na imani alipokuwa amefungiwa chumbani, na nadhiri yake ni ushahidi. Katekisimu hiyo hiyo, namba 1735, inakiri kwamba hofu, mazoea na hali ya nafsi hupunguza lawama ya mtu, na wakati mwingine huiondoa. Padri katika kitubio analijua hilo. Kwa nini sisi tuwe wakali kuliko kitubio?

Wanasema anajionyesha. Mbona basi huvaa mikono mirefu wakati wa jua kali? Wengi huficha. Na yule asiyeficha, kama kweli anataka aonekane, kosa lake ni nini? Bartimayo naye alipaza sauti ili aonekane, na waliomkemea anyamaze ndio waliokosea.

Mwishowe wanasema tiba hii ina harufu ya dini nyingine, kwa kuwa Linehan alijifunza pia utulivu wa moyo kwa walimu wa Zen, yaani Wabudha. Ni kweli alijifunza. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, umetufundisha kwamba Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini hizo. Kumfundisha kijana atulie, avute pumzi na kuingoja dhoruba ipite si kumwabudisha sanamu.

Hatudai kwamba vikundi vyetu vya Kabambare viigeuze parokia kuwa hospitali. Tiba hii hufundishwa kwa miaka, na asiyeijua asijaribu kuitoa. Watawa Ndugu wa Mapendo, ambao shirika lao lilianzishwa na Padri Triest mjini Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807, wana kituo cha afya ya akili huko Bukavu kiitwacho SOSAME. Tunajua Bukavu ni mbali, na njia ni ya gharama na hatari. Kwa sababu hiyo hiyo, kinachowezekana hapa hapa hatuna ruhusa ya kukiacha.

Tunaomba basi mambo haya. Asisimamishwe tena kijana mbele ya watu kwa ajili ya vidonda vyake. Asichapwe, asifungwe, asinyimwe chakula. Anayemfungulia mwenzake moyo asikilizwe mpaka mwisho kabla ya kupewa shauri lolote. Asindikizwe kwa muuguzi wa kituo cha afya, na awepo mtu mzima mwaminifu anayejua. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata saa moja, na siri hiyo isifichwe: kumwita mtu wa kumsaidia si usaliti. Sala iendelee, lakini isifanywe pazia la kufunika uvivu wetu wa kusikiliza.

Wagerasi walipomkuta mwenzao ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu, waliogopa, wakamsihi Yesu aondoke katika nchi yao. Ilikuwa rahisi kwao kuishi na mtu wa makaburini kuliko na mtu aliyepona. Vijana, msikubali parokia zetu zichague hivyo.

Maswali ya kutafakari katika vikundi:

1. Je, katika kikundi chetu kuna aliyeacha kuja, nasi hatujakwenda kumwuliza anaumwa nini?
2. Ni maneno gani tunayoyasema kwa kawaida ambayo humfundisha mwenye uchungu kujificha?
3. Kijana akitufungulia moyo juma hili, tutamsindikiza kwa nani, na nani kati yetu atakwenda naye?