Zakayo Alirudisha Pesa kwa Wenyewe



Kila msimu wa kupanda ukikaribia, watu wa Njoro, Molo na Rongai huniuliza: "Pastor, mbolea ya serikali tuinunue ama tuiache?"

Hofu hiyo ilitoka 2024. Mtu alilipa shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50, akalibeba kutoka depo ya NCPB, akapanda kwa imani. Kisha wanahabari wakafichua kwamba baadhi ya magunia hayakuwa na mbolea ya kweli, na vipimo vya KEBS vikaonyesha kuna mbolea ambayo haikufikia kiwango. Huku kwetu juu mahindi ni mara moja kwa mwaka. Ukipoteza Aprili, unanunua unga mpaka mwaka ujao.

Wako walioniambia hiyo ni siasa, mchungaji asiiguse. Someni Amosi 8. Nabii anawakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo, wakapandisha bei, wakawauzia maskini makapi pamoja na ngano. Hiyo ni siasa? Mei 2024 Bunge lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, kisha kamati ya wabunge 11 ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Sawa, hayo tuwaachie wenye kuhukumu. Lakini mama aliyepanda udongo alipata hasara ya kweli, na Mungu aliiona.

Sasa nije ndani ya kanisa, mniwie radhi. Magunia ya ruzuku hugawiwa kulingana na ekari ulizoandikisha. Mpendwa ana ekari moja, anaandikisha kumi. Ujumbe ukiingia kwenye simu anachukua magunia, na kabla jua halijatua yako kwa broka. Magunia hayo yalikuwa ya jirani yake! Jumapili analeta sadaka ya shukrani, na sisi watumishi tunaiombea bahasha bila kuuliza imetoka wapi.

Someni Luka 19. (Najua jina la Zakayo limekuwa la utani Kenya hii. Leo tusome Biblia kwanza, vicheko baadaye.) Zakayo alisema nusu ya mali yake ni ya maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Luka haandiki popote kwamba alimpa Yesu bahasha. Pesa ilirudi kwa walioibiwa. Kwa hiyo uliyeuza magunia ya wenzako, usiniletee fungu la kumi la hiyo pesa. Mpelekee jirani. Na mkubwa aliyetajirika kwa magunia ya udongo asipewe kiti cha mbele kwenye harambee yetu kabla wakulima hawajalipwa, hata kama mabati ya kanisa yanavuja.

Kwa walioniuliza: nunueni. Mwaka wa 2022 gunia lilipita shilingi 6,000 madukani, na bila ruzuku wengi wangepanda bila chochote. Lakini angalia mshono kabla ya kubeba, weka risiti na ule ujumbe wa simu, na usichome gunia hadi uvune.

Serikali iliahidi kuwafidia walionunua ile mbolea mbovu. Kama hujapata chako, njoo Jumatano na risiti yako saa moja kabla ya maombi. Tutaandika barua pamoja, kila mtu na jina lake na idadi ya magunia, tuipeleke depo Alhamisi asubuhi. Asiyejua kuandika ataandikiwa na vijana.

Shalom.