UZAZI SALAMA SI CHUMBA CHA VIGAE (Sehemu ya 3)



Baada ya sehemu ya pili mmenijazia meseji, nyingi zinafanana: "Nesi, wifi yangu kazaa Muscat, chumba chake peke yake, vigae vinang'ara, kitanda kinapandishwa kwa kibatani. Sisi Pemba tumeachwa." Wengine mwasema bora Marekani.

Ngojeni kwanza. Chumba kizuri nami nakitaka. Lakini chumba hakizuii damu.

Hiyo Marekani ndiyo inayotumia pesa nyingi za matibabu kuliko nchi yoyote duniani. Mwaka 2021, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, kina mama karibu 33 walifariki kwa uzazi. Uholanzi hawafiki 10. Mashine Marekani zipo, madaktari wapo. Lakini zaidi ya nusu ya vifo vyao vinavyotokana na mimba hutokea baada ya mtoto kuzaliwa, wakati kila mtu anamwangalia mtoto na mama kasahauliwa.

Uholanzi mimba isiyo na tatizo iko mikononi mwa mkunga, daktari anaitwa pakiharibika. Mama akishajifungua, mhudumu aliyesomea anakuja nyumbani kwa wiki moja hivi. Anaangalia damu, mshono, joto la mwili, anamsaidia kunyonyesha. Uingereza nako mkunga anakufuata nyumbani.

Sasa niambieni, hilo ni jambo geni kwetu? Arubaini ni nini? Bibi anakukanda kwa maji ya moto, anakupikia uji wa pilipili manga, hakuachi peke yako. Wazee walijua kuwa mzazi anahitaji mtu. Tunachokosa ni mtu huyo aje pia na jicho lililosomea.

Msinielewe vibaya, sijisifu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 unasema Tanzania tumeshuka kutoka vifo 556 hadi 104 kwa kila watoto 100,000. Hatua kubwa, lakini hiyo ni mara tatu ya Marekani ya 2021. Ninachopinga ni kule kuambiwa "subirini mpaka tuwe matajiri".

Mnazi Mmoja, Unguja, kuanzia 2015 wakunga na madaktari walipewa kijitabu cha mfukoni cha kumwangalia mama mwenye uchungu, pamoja na semina fupi. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Kijitabu, jamani!

Na 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania. Chini ya mama unawekwa mfuko wa plastiki wenye alama, damu inapimwa badala ya kukisiwa. Ikizidi, anapewa matibabu yote kwa pamoja: kukandwa kizazi, dawa, dripu, kukaguliwa. Madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60.

Mimi nimekisia kwa macho miaka mingi. Usiku mmoja nilikuwa peke yangu, wazazi sita wana uchungu, na mmoja keshajifungua. Nilitazama khanga yake nikaona damu ya kawaida tu. Mama yake ndiye aliyeniita: "Mwanangu, mbona mkono wake wa baridi?" Alipona, Alhamdulillahi. Lakini aliyemuona hakuwa mimi. Alikuwa mama yake, na zipo wodi ambazo mama yule angeambiwa akasubiri nje.

Kwa hiyo mnapodai, dai hivi:

Wakunga waongezwe zamu ya usiku. Watoto hawasubiri asubuhi.

Mfuko wa kupimia damu uwepo kila kitanda cha kujifungulia.

Mama aruhusiwe mtu wake mmoja, pazia likiwekwa ili wengine wasitirike.

Mzazi asitoke kabla ya saa 24, kisha aangaliwe siku ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita. Si mtoto pekee.

Na nyinyi waume na mama wakwe, hapa hakuna serikali ya kulaumiwa. Mnakuja na gari saa sita tu baada ya uzazi, "nyumbani wageni wanasubiri". Wageni wangoje!

Mzazi akilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, akiumwa kichwa kikali na kuona kiza, akipata homa au kushindwa kupumua vizuri, mrudisheni hospitali usiku huohuo. Msisubiri arubaini.

Wifi wa Muscat mpeni hongera zake. Kisha akija kliniki mjumbe wa kamati ya afya au diwani, msimuulize jengo litaisha lini. Muulizeni usiku wa leo wodi ya wazazi ina wakunga wangapi.

Mtumieni na baba watoto asome. Sehemu ya 4 ni kifafa cha mimba, inshaallah.