FAILI IMEPOTEA, SHAMBA LIMEUZWA



Kuna maneno mawili ambayo mjane wa nchi hii huyaogopa kuliko hukumu yenyewe, nayo ni haya: "Faili haionekani." Hukumu, hata ikiwa mbaya namna gani, ina tarehe, ina sahihi ya aliyeitoa, ina sababu zilizoandikwa, na yaweza kukatiwa rufani. Faili isiyoonekana haina lolote kati ya hayo. Hakuna aliyeipoteza, hakuna anayeulizwa, wala haitajwi siku ya kuitafuta. Karani hutazama juu ya kichwa cha mama yule na kumwambia arudi wiki ijayo. Mama hurudi wiki ijayo, na ile ifuatayo, na nyingine tena, hadi nauli imwishie. Siku nauli inapomwishia ndiyo siku kesi yake inapoamuliwa.

Sisi tunasema waziwazi kwamba masjala ya mahakama ambayo faili zake za mirathi, ndoa na malezi ya watoto hazifikiwi na wenye haki nazo ni ofisi ya chama kimoja iliyosahauliwa nyuma wakati nchi ilipohama. Tulikifuta kifungu cha 2A mwezi wa Desemba 1991. Tukapanga foleni tarehe 29 Desemba 1992, wake kwa waume, tukaamini kwamba tumeingia katika nyumba mpya. Ni wangapi wetu wanaokumbuka kwamba katika Katiba ile ile mlikuwamo kifungu kingine, cha 82(4), kilichoziruhusu sheria za ndoa, talaka, maziko na urithi kubagua watu bila kuhesabiwa kuwa zinavunja Katiba? Mwaka 1997, vyama vilipopatana juu ya marekebisho ya kabla ya uchaguzi, jinsia iliongezwa miongoni mwa mambo yasiyoruhusiwa kuwa sababu ya ubaguzi, lakini kifungu cha 82(4) kikaachwa pale pale. Kilidumu hadi tarehe 27 Agosti 2010. Kwa zaidi ya miaka 18 baada ya kufutwa kwa 2A, mwanamke Mkenya aliweza kumchagua rais ampendaye, lakini Katiba haikuwa na neno la kumtetea aliponyimwa shamba la babaye. Waheshimiwa walituambia kwamba mambo ya nyumbani yangoje, kwanza tuung'oe udikteta. Kana kwamba udikteta haukuwa na kiti chake sebuleni!

Tusiwavunjie heshima wasiongoja. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe kipande kidogo kuliko ndugu zao wa kiume kwa sababu eti wataolewa. Hukumu hiyo ilitangulia Katiba mpya kwa miaka mitano. Lakini inamfaa nini binti asiyejua kwamba kesi ya mirathi ya babaye ilikwisha kufunguliwa, ikasikizwa na kufungwa, yeye akiwa shambani akipalilia?

Hebu tueleze jinsi shamba linavyoondoka, maana wengi hudhani huondoka kwa panga au kwa uchawi, kumbe huondoka kwa karatasi. Baba amefariki bila wosia. Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inamtaka anayeomba kuisimamia mali ya marehemu ataje majina na anwani za wajane wote, watoto wote, wazazi, na ndugu wa marehemu. Huyataja kwa kiapo, katika fomu iitwayo P&A 5. Wenye haki sawa na yake huonyesha kukubali kwao kwa kutia sahihi fomu nambari 38. Katika mafaili hayo hutiwa pia barua ya chifu inayowataja waliobaki. Kwa maandishi, ulinzi umekamilika.

Sasa tazama unavyobomolewa. Mkubwa wa ukoo humwendea chifu, na barua hutoka ikiwa na majina matatu badala ya manane. Mabinti walioolewa wameachwa kwa madai kwamba "wameshapata kwao". Mke wa pili ameachwa, eti mahari yake haikumalizika. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hatajwi kabisa. Kesi hufunguliwa katika mahakama ya mbali, mahali ambapo hakuna jirani wa kupita na kusikia. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwa Kiingereza, ndani ya orodha ndefu ya herufi ndogo, na siku 30 za kuweka pingamizi huanza kuhesabiwa. Ni nani kijijini asomaye Gazeti Rasmi? Gazeti la kufungia nyama buchani lingemfikia mjane upesi zaidi! Siku 30 zikipita kimya, hati ya usimamizi hutolewa. Miezi sita baadaye huombwa ithibitishwe, na baada ya hapo ardhi huweza kugawanywa na kuuzwa. Mjane hupata habari asubuhi anapowaona wapima ardhi wakipigilia vigingi katikati ya mihogo yake.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Masjala zetu zimeugeuza msemo huo kuwa kanuni ya mirathi.

Na hapa tunamwomba msomaji asome polepole, maana hapa ndipo wengi hupoteza kila kitu. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinaruhusu hati iliyopatikana kwa uongo au kwa kuficha jambo kubwa ifutwe wakati wowote, hata ikiwa imekwisha kuthibitishwa. Watu husikia hivyo wakatulia, wakidhani wana muda. Wasichoambiwa ni kifungu cha 93, ambacho kinamlinda aliyenunua mali kutoka kwa msimamizi mwenye hati, hata kama hati hiyo itafutwa baadaye. Ni kweli kwamba ziko hukumu zilizokataa kuukinga uuzaji uliojaa udanganyifu. Lakini kuuthibitisha udanganyifu ni kesi nyingine na miaka mingine. Kwa hiyo kila juma ambalo karani anasema faili haionekani ni juma moja zaidi analopewa muuzaji wa kumtafuta mnunuzi. Kuchelewesha faili si uzembe wa ofisi tu. Ni kushiriki katika uuzaji.

Basi mwananchi aanzie wapi? Aanzie pale pale alipofichwa. Tangazo la Gazeti Rasmi, lililoandikwa ili lisionekane, lina kila anachohitaji: jina la mahakama, nambari na mwaka wa kesi, jina la marehemu, siku aliyokufa, na jina la aliyeomba usimamizi. Magazeti hayo pamoja na hukumu za mahakama kuu huwekwa na Baraza la Kitaifa la Utoaji wa Taarifa za Sheria, liitwalo Kenya Law, katika tovuti yake, nazo husomwa bure. Mwanafunzi wa sekondari mwenye simu anaweza kulitafuta jina la babu yake jioni moja. Alitafute kwa kila tahajia: jina la ubatizo, jina la kitambulisho, jina lililo katika hati ya shamba, maana waandishi wa serikali hawajawahi kukubaliana juu ya majina yetu. Asipoliona, asikate tamaa. Kabla ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015, hakimu hakuwa na uwezo juu ya mirathi iliyozidi shilingi 100,000, ndiyo sababu faili nyingi za zamani za watu wa kawaida zimo Mahakama Kuu, wakati mwingine mbali sana na shamba lenyewe. Marehemu aliyelima Kakamega na kufanya kazi Nairobi, faili yake yaweza kuwa Milimani. Nao ndugu zetu Waislamu watazame Mahakama ya Kadhi, ambayo Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa mamlaka juu ya ndoa, talaka na urithi, wote wanaohusika wakiwa Waislamu na kukubali kusikizwa huko.

Akiwa na nambari mkononi, aende masjala na kuomba kuisoma faili, kisha aombe nakala zilizothibitishwa: ombi lenyewe, fomu P&A 5, barua ya chifu, hati ya usimamizi na cheti cha kuthibitishwa. Alipe ada rasmi na apewe risiti. Pesa isiyo na risiti ni chai, na aliyenunua chai mara moja atainunua kila anaporudi. Akiambiwa faili haionekani, asiondoke na maneno matupu. Aandike barua fupi, nakala mbili, nakala moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na abaki nayo. Barua hiyo ndiyo itakayomwezesha kwenda kwa msajili, kwa Ombudsman wa Mahakama, au mbele ya hakimu kuomba faili iundwe upya kutokana na nakala walizo nazo wahusika. Mahakama zina uwezo huo na huutumia. Na siku hiyo hiyo apite katika ofisi ya ardhi kuomba zuio liandikwe katika daftari la shamba, kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Watatujibu wakubwa kwamba tunapiga kelele juu ya jambo lililokwisha. Watatuonyesha kompyuta. Ni kweli, kufungua kesi kwa njia ya mtandao kulianza Nairobi mwezi wa Julai 2020 na kukatangazwa nchi nzima mwaka 2024, nasi hatulipingi. Lakini faili ya baba aliyefariki mwaka 1988 ilizaliwa ya karatasi, na anayeihitaji ni bibi wa miaka sabini asiye na anwani ya barua pepe. Akienda saiba, mhudumu humfungulia akaunti kwa nambari ya simu yake mhudumu, na tangu hapo taarifa za mahakama humfikia mtu mwingine. Wengine watasema tunataka siri za familia zianikwe sokoni. La hasha! Mashauri ya watoto husikizwa faraghani, na ni vyema yaendelee hivyo. Hatuombi jirani asome talaka ya jirani. Tunaomba mjane asome faili yenye jina la mumewe, na mama aone amri ya matunzo ya mtoto wake mwenyewe, ile amri ambayo baba anaapa kwamba haijawahi kutolewa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawabebesha baba na mama jukumu sawa, wawe wameoana au la. Kifungu hicho hakiwezi kumlisha mtoto ikiwa nakala ya amri imefungiwa kabatini.

Tuje kwa mawakili. Katiba inamwahidi mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo asipokuwa naye haki itavunjwa vibaya. Mwizi wa kimabavu ana ahadi hiyo, na ni haki yake. Mjane anayeporwa ekari mbili hana ahadi ya namna hiyo. Alichopewa ni Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na mfuko wake, na inayojumuisha kesi za madai na za watoto. Sheria ni nzuri. Lakini mfuko hujazwa na Bunge, na Bunge linalojua kupiga kura upesi juu ya marupurupu yake halijawahi kukosa usingizi kwa ajili ya mfuko huo. Mzigo umebebwa na wengine: Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973 wakati kumtetea maskini kulikuwa kama kujitafutia jela, FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake tangu mwaka 1985, ambalo pia huwafundisha akina mama kujisimamia wenyewe mbele ya hakimu, na wasaidizi wa kisheria wa vijijini walioidhinishwa chini ya sheria hiyo ya 2016. Iko pia Amri ya 33 ya Kanuni za Kesi za Madai, inayomruhusu maskini kuomba afungue kesi bila kulipa ada. Muulize karani habari zake uone atakavyoshangaa. Na yule bwana wa langoni mwa mahakama, mwenye mkoba na kalamu tatu mfukoni, anayejiita wakili? Mwombe cheti chake cha mwaka huu cha kufanya kazi ya uwakili. Atakumbuka ghafla ana miadi mahali pengine.

Liko na suala la lugha, ambalo hatutalinyamazia. Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Lakini fomu za mirathi, matangazo ya Gazeti Rasmi na cheti cha kuthibitishwa humfikia mjane kwa Kiingereza. Anatia kidole cha wino chini ya fomu nambari 38 akidhani anakiri kwamba mumewe amekufa, kumbe anakubali shemeji yake awe msimamizi wa mali yote. Tunadai fomu hizo zichapwe kwa Kiswahili, na asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiyekuwa na fungu katika mali ile.

Tunadai vilevile kwamba kila tangazo la mirathi libandikwe katika ofisi ya chifu wa mahali aliposihi marehemu na lisomwe barazani, kabla siku 30 hazijaanza kuhesabiwa. Chifu aliyeweza kutangaza michango ya harambee miaka yote ile hawezi kudai leo kwamba hana sauti. Na chifu atakayeandika barua yenye majina pungufu, akijua, aburutwe kortini kama shahidi wa uongo yeyote.

Hayo hayatakuja kwa kungoja. Kila mahakama ina Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambamo hukaa hakimu, polisi, mawakili na wawakilishi wa raia. Ulizeni mkutano wake ni lini, na mpeleke maswali matatu kwa maandishi: ni faili ngapi za mirathi ambazo hazionekani katika masjala hii, ni nani mwenye jukumu la kuzitafuta, na ni lini orodha yake itabandikwa ukutani. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, inamtaka afisa amwandikie asiyejua kuandika, na inatoa siku 21 za kujibu. Tieni tarehe juu ya barua. Hesabuni siku.