Vifo vya Watoto Wachanga Visizikwe Bila Kuulizwa

Samaki wa Ziwa Victoria anapofika mwaloni hupimwa, na uzito wake huandikwa. Nyegezi, kando ya jiji la Mwanza, kipo chuo cha uvuvi kinachowafundisha vijana kazi hiyo. Hapo Nyegezi pia ipo stendi kuu ya mabasi, ambako gari hukatiwa risiti ya ushuru. Ipo seminari, na kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichochipuka kutokana na chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa mwaka 1960. Kwa kifupi, Nyegezi ni mahali pasipopungukiwa kalamu wala watu wa kuishika.

Hata hivyo, mtoto wa miezi minne akifia nyumbani usiku, katika Nyegezi hiyo hiyo au katika mtaa mwingine wowote wa nchi hii, anaweza kuzikwa kesho yake mchana bila mtu mwenye dhamana kuuliza ameuawa na nini. Majirani huambiwa alikuwa na homa, mkeka hutandikwa, kaburi dogo huchimbwa, na jioni watu hutawanyika. Ikiwa mtoto huyo hakuwa na cheti cha kuzaliwa, basi katika kumbukumbu za Taifa hakuzaliwa wala hakufa.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto 16 tu katika kila 100 walio chini ya miaka mitano ndio waliokuwa wamesajiliwa. Ule wa 2015-16 ulionyesha 26. Mpango wa kuwasajili watoto hao katika vituo vya afya na ofisi za kata, ulioingia Mwanza mwaka 2014, ulikuja kupunguza aibu hiyo. Lakini mtu anayekwenda kuandikisha kuzaliwa hutafuta haki ya mtoto aliye hai. Anayepaswa kuandikisha kifo cha mtoto mchanga hana anachokitafuta, na kwa hiyo haendi.

Ni kweli kwamba nchi imepiga hatua ya kujivunia. Vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilipungua kutoka 43 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kwa hesabu ya 2015-16, hadi 33 kwa hesabu ya 2022. Chanjo, vyandarua na kliniki vimefanya kazi yake. Lakini hesabu hiyo haisemi ni wangapi kati ya hao waliokufa kwa nimonia, na ni wangapi waliokufa kwa kipigo, kwa njaa ya kusahauliwa, au kwa kutupwa. Malaria inapopungua, vifo vinavyotokana na mikono ya watu havipungui kwa dawa.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza chanzo cha kifo cha kichanga ni kuwaongezea wafiwa uchungu, na kwamba mambo ya nyumbani ni ya nyumbani. Hoja hiyo ina sura ya huruma, lakini wakazi wa Kanda ya Ziwa wanajua matunda yake. Kifo kisichoelezwa na daktari huelezwa na mganga mpiga ramli. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe wengi waliuawa kwa mapanga kwa sababu mtoto wa jirani alikufa ghafla na mganga akanyoosha kidole kwenye nyumba ya bibi mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni za miaka mingi. Basi msiba mmoja ukazaa wa pili. Huko ndiko kunakofikisha ukimya unaoitwa huruma.

Mataifa mengine yalipita njia hii ya ukimya kabla ya kuamka. Nchini Marekani madaktari walikuwa wakiona watoto wachanga wenye mifupa iliyovunjika na damu iliyovuja kichwani, wakaandika kuwa ni ajali. Mwaka 1962 Daktari Henry Kempe na wenzake waliuliza hospitali 71, wakapata habari za watoto 302 waliopigwa. 33 kati yao walikuwa wamekufa. Kuanzia 1978, huko Los Angeles, daktari, polisi na ofisa wa ustawi wa jamii waliketi meza moja kuchambua vifo vya watoto kimoja kimoja, kwa maana ilionekana kwamba kila mmoja alikuwa ameshika kipande tu cha habari.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya matajiri. Afrika ya Kusini ilifungua madaftari ya vyumba vyake vya maiti na kugundua kwamba mwaka 2009 watoto 1,018 waliuawa, na kwamba karibu nusu ya vifo hivyo vilitokana na kuteswa au kutelekezwa. Hapa nchini, watafiti waliochunguza vifo vya ukatili jijini Dar es Salaam mwaka 2005 waliona kwamba vichanga wasiomaliza siku yao ya kwanza duniani walikuwa sehemu kubwa ya watoto waliouawa. Na karibu na Nyegezi, huko Kisesa wilayani Magu, watafiti wamekuwa wakifuatilia kaya tangu 1994, wakiwauliza ndugu wa marehemu jinsi kifo kilivyotokea. Mwananchi akiulizwa kwa heshima hujibu.

Utafiti mkubwa wa kitaifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Ulifunua mengi, na ulizaa mipango mizuri ya Serikali. Lakini uliwahoji waliopona. Mtoto aliyekufa akiwa na wiki tatu hakuweza kuhojiwa.

Kuandika peke yake hakutoshi, yapasa kuelewa. Vifo hivi havina chanzo kimoja, na anayevitia vyote katika kapu moja hataokoa hata mtoto mmoja. Yuko mtoto aliyepigwa na mtu mzima aliyechoshwa na kilio chake. Yuko aliyepelekwa kwa fundi kukatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi, akavuja damu au akapata sumu ya kidonda. Wazazi wake walimpenda, lakini ujinga ulimuua. Yuko aliyedhoofika kwa utapiamlo, majirani wakasema amebemendwa, yaani wazazi wamevunja mwiko wa kulala pamoja mapema. Mama akaona haya, akamficha badala ya kumpeleka kliniki. Wa kwanza anahitaji polisi. Wa pili na wa tatu walihitaji mwalimu wa afya aliyefika kabla ya fundi na kabla ya masengenyo.

Halafu yuko yule ambaye magazeti humtaja kila mara, kichanga kilichookotwa jalalani au chooni. Umati hukusanyika, na laana zote humwangukia binti. Hakuna anayemtaja mwanamume aliyempa mimba akakana, wala jamaa waliomfukuza. Kwa miaka mingi shule nayo ilikuwa mlango mwingine uliofungwa mbele ya binti huyo, hadi Novemba 2021 Serikali iliporuhusu wanafunzi waliojifungua kurejea masomoni. Mwalimu ambaye hata leo anamkejeli msichana huyo mbele ya darasa anaubatilisha uamuzi huo kwa mdomo wake, na anawafundisha wengine kuficha mimba hadi siku ya hatari.

Sheria yenyewe ina busara kuliko umati. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu kinatambua kwamba mama aliyejifungua karibuni anaweza kuwa hajatulia akili, na humhukumu kama aliyeua bila kukusudia. Kifungu cha 218 kinahusu kuficha uzazi, ambalo ni kosa jingine. Lakini ni uchunguzi wa maiti unaoweza kusaidia kujua kama kichanga kilivuta pumzi au kilizaliwa kimekufa. Uchunguzi usipofanyika, binti huhukumiwa kwa uvumi, au mwuaji halisi huachiwa kwa uvumi.

Wala zana hazikosekani. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ipo tangu 1980. Sheria ya Mtoto ya 2009, katika kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa Serikali ya mtaa. Vifo vya akina mama na vya wanaokufa karibu na kuzaliwa hujadiliwa hospitalini kwa mwongozo maalumu. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ziliundwa hadi ngazi ya mtaa. Kinachokosekana ni kuunganisha hivyo vyote, ili mtoto aliyefia nyumbani naye aulizwe kama yule aliyefia wodini.

Basi kila halmashauri, kwa kuanzia na zile za Mwanza, iwe na jopo la daktari, polisi, ofisa ustawi wa jamii na msajili, lichambue kila kifo cha mtoto asiyetimiza mwaka. Afisa Mtendaji wa Mtaa asiruhusu maziko ya kichanga kabla ya kuandika jina, umri, mahali na maelezo ya ugonjwa. Muuguzi wa kliniki aulize anapoona kadi ya mtoto imekoma ghafla. Mwalimu atoe taarifa mwanafunzi anaposema mdogo wake amefungiwa ndani mchana kutwa. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayosubiri fedha za kigeni. Zinasubiri mtumishi wa umma anayekubali kwamba mtoto wa miezi minne ni raia, na kwamba raia hazikwi kimya kimya.